Sabuni ikiitwa dawa: la kufanya kipodozi kinapokataliwa mtandaoni kama bidhaa ya afya

Ujumbe wenyewe huwa mfupi. Bidhaa haikuidhinishwa kwa sababu inahusu dawa au huduma za afya. Hautaji neno lililoleta shida wala hausemi ni picha gani yenye kasoro, na mara nyingi huingia wakati ambapo wateja nao wako kwenye simu wakitafuta cha kununua.

Bidhaa inayozungumziwa si tembe wala sindano. Ni kipande cha sabuni ya mwarobaini kutoka Ganze, chupa ya mafuta ya nazi yaliyokamuliwa Kaloleni au Rabai, au kopo la mafuta ya mwili yaliyochanganywa na mshubiri. Kwa kikundi cha akina mama waliotoa fedha za chama kununua chupa, lebo na vifungashio, kukataliwa huko si jambo dogo. Mzigo umeshatengenezwa, tarehe ya mwisho wa matumizi imeshapigwa kwenye lebo, na duka pekee walilo nalo ni katalogi ya simu. Kosa likirudiwa mara kadhaa, akaunti nzima inaweza kuwekewa vikwazo, pamoja na bidhaa ambazo hazikuwa na tatizo lolote.

Mara nyingi jambo hili hurekebishika bila gharama. Lakini ni lazima muuzaji ajue kwanza kwa nini lilitokea, kwa sababu anayekimbilia kufuta tangazo na kulipandisha tena kama lilivyokuwa huishia kukataliwa tena.

Mashine haionji sabuni

Mitandao mikubwa ya kuuzia bidhaa, ikiwemo Facebook, Instagram na WhatsApp ya biashara, hairuhusu dawa na bidhaa za matibabu kuwekwa kwenye katalogi zake. Vipodozi vya kawaida vinaruhusiwa. Anayeamua kipi ni kipi, angalau katika hatua ya kwanza, ni programu ya kompyuta inayosoma jina la bidhaa, maelezo yake, kundi ililowekwa na picha zake. Programu hiyo haijui kilichomo ndani ya chupa. Inajua tu alichoandika muuzaji.

Watu wengi huona huo ni uonevu wa mitambo ya kigeni. Hata hivyo, sheria ya Kenya nayo inatazama jambo hili kwa jicho linalokaribiana na hilo. Sheria ya Vyakula, Dawa na Kemikali, Sura ya 254, inakieleza kipodozi kuwa kitu kinachotengenezwa, kuuzwa au kuelezwa kuwa ni cha kusafisha, kuboresha au kubadilisha mwonekano wa ngozi, nywele au meno, pamoja na manukato na viondoa harufu. Dawa, kwa sheria hiyo hiyo, ni kitu kinachotengenezwa, kuuzwa au kuelezwa kuwa ni cha kutambua, kutibu, kupunguza au kuzuia ugonjwa. Neno la kushika hapo ni "kuelezwa". Mafuta ya nazi yanayoelezwa kuwa yanalainisha ngozi ni kipodozi. Mafuta yale yale, chupa ile ile, yakielezwa kuwa yanatibu ukurutu, muuzaji ameyaingiza kwenye milki ya dawa kwa kalamu yake mwenyewe.

Dawa ziko chini ya Bodi ya Famasia na Sumu, PPB, kwa mujibu wa Sura ya 244. Zinasajiliwa, na anayeziuza anahitaji leseni. Dawa za mitishamba hazijaachwa nje ya utaratibu huo. Kwa hiyo maneno matatu au manne ya kunogesha tangazo yanaweza kumtoa muuzaji katika biashara ya sabuni na kumweka katika biashara ya dawa asiyo na kibali chake.

Kiswahili nacho kina mtego wake

Kuna jambo ambalo maelekezo ya mitandao hiyo hayalitaji, pengine kwa sababu waliyoyaandika hawazungumzi lugha hii. Kwa Kiswahili, "dawa" ni neno pana mno. Tuna dawa ya meno, dawa ya nywele, dawa ya viatu, dawa ya mbu. Mteja wa Malindi anayeulizia dawa ya nywele anajua anataka kitu cha kulainisha nywele saluni, na hakuna anayemwelekeza kwa daktari. Neno hilo likipita kwenye mashine inayofasiri ili ikague, linaweza kutoka likiwa dawa ya hospitali. Muuzaji akiandika "kilainisha nywele" au "krimu ya nywele", anakuwa amesema jambo lile lile bila kuacha mlango wazi.

Mwarobaini ni mtihani zaidi. Jina la mti huu lenyewe ni dai la tiba: wazee waliuita hivyo kwa imani kwamba unaponya maradhi arobaini. Anayeuza sabuni ya mwarobaini hawezi kulikwepa jina hilo, na hana sababu ya kulikwepa, kwa kuwa ndilo jina la mti. Anachoweza kukwepa ni kuanza kuyataja hayo maradhi arobaini mmoja mmoja. "Sabuni ya kuogea yenye mafuta ya mwarobaini" ni maelezo ya bidhaa. "Sabuni ya mwarobaini, kiboko ya fangasi, upele, chunusi sugu na mba" ni orodha ya magonjwa. Katika orodha ya viambato, majina ya kimataifa ya vipodozi husaidia pia: mafuta ya mbegu za mwarobaini huandikwa Melia Azadirachta Seed Oil, mafuta ya nazi Cocos Nucifera Oil, na maji ya mshubiri Aloe Barbadensis Leaf Juice. Mkaguzi asiyejua Kiswahili atayatambua.

Ikiwa tumefika kwenye mwarobaini, ni vyema kusema kwamba mafuta ya mbegu zake si ya kunywa, na watoto wachanga wamewahi kudhurika kwa kunyweshwa. Lebo inapaswa kusema wazi kwamba ni ya kupaka nje ya mwili tu.

Anayetumia mshubiri wa porini ana suala jingine lisilohusiana na afya. Karibu aina zote za mshubiri isipokuwa Aloe vera zimo katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, na hapa Kenya uvunaji wake unaongozwa na kanuni za mwaka 2007 zilizo chini ya sheria ya wanyamapori. Mshubiri uliopandwa shambani uandikwe kwa jina lake kamili, ili tangazo lisikataliwe kwa sababu ya pili baada ya kuponea ya kwanza.

Kurekebisha kabla ya kulalamika

Jambo la kwanza ni kupiga picha ya ujumbe wa kukataliwa kwenye skrini na kuihifadhi pamoja na tarehe. La pili ni kutofungua akaunti mpya. Mitandao huzitambua akaunti zinazofunguliwa kukwepa vikwazo, na muuzaji huonekana tapeli hata kama bidhaa yake ni safi.

Baada ya hapo tangazo lisomwe neno kwa neno, ikiwezekana na mtu ambaye hakuliandika. Maneno yanayoleta shida ni yale yanayotaja ugonjwa au kitendo cha tiba: kutibu, kuponya, kuua bakteria, kuondoa fangasi, kuzuia maambukizi, kukausha vidonda, kutuliza pumu ya ngozi. Badala yake maelezo yaseme kinachoonekana na kuhisiwa: husafisha, hulainisha, huacha ngozi na unyevu, hupunguza mwonekano wa ukavu, hung'arisha nywele, hunukia. Chunusi na mba ni maneno ya mpakani. Katika nchi nyingine shampuu ya mba huhesabiwa kipodozi na katika nyingine huhesabiwa dawa pia; Marekani, kwa mfano, huihesabu vyote viwili. Muuzaji mdogo asiye na karatasi za maabara atapata usumbufu mdogo akiandika "kwa ngozi yenye mafuta mengi" au "kwa kichwa chenye ngozi kavu inayobanduka".

Hapa wapo watakaosema kwamba maneno hayo ni baridi na hayauzi. Ni kweli kiasi. Sokoni Mariakani, anayepaza sauti kwamba mafuta yake yanaponya ndiye anayezungukwa na watu. Lakini tangazo la mtandaoni hubaki limeandikwa, na linaweza kutumiwa kama ushahidi dhidi ya aliyeliandika. Sura ya 244 na Sura ya 254 zote zinakataza matangazo kwa umma yanayodai kutibu baadhi ya magonjwa yaliyoorodheshwa, na katika Sura ya 254 katazo hilo linagusa hata kipodozi. Sheria ya Kumlinda Mlaji ya mwaka 2012 nayo inakataza kumweleza mnunuzi uongo kuhusu uwezo wa bidhaa.

Picha zikaguliwe kama maneno. Picha mbili za uso mmoja, kabla na baada, ni miongoni mwa zinazokatalisha matangazo upesi, hasa ya kulipia. Hali kadhalika picha ya mtu aliyevaa koti jeupe na kipimo cha daktari shingoni, alama ya msalaba, picha ya bomba la sindano, au kidonda kilichokaribishwa kwenye kamera. Wakati mwingine maelezo yote huwa safi na kosa likabaki kwenye lebo inayosomeka pichani: "HERBAL CURE" kwa herufi kubwa. Kubadilisha maandishi ya tangazo bila kubadilisha lebo ni kazi bure, na mteja atakayepokea chupa hiyo mlangoni atasoma kile kile kilichokatazwa.

Kundi la bidhaa nalo huwaponza wengi. Katika katalogi nyingi za mtandaoni, afya na urembo huwekwa kapu moja, kisha ndani yake kuna vijikapu. Mwenye haraka hubonyeza kijikapu cha kwanza, ambacho mara nyingi ni cha huduma za afya, akidhani ndicho hicho hicho. Sabuni, mafuta ya mwili, krimu, manukato na hina vinapaswa kwenda kwenye utunzaji wa mwili, na ndani yake vipodozi au utunzaji wa ngozi. Kwa wengine, kurekebisha hapo tu kunatosha.

Kuomba ukaguzi wa pili

Kwenye WhatsApp ya biashara, bidhaa iliyokataliwa huwekewa alama nyekundu ya mshangao katika katalogi. Muuzaji anaigusa bidhaa hiyo, anaomba ikaguliwe tena na kuandika sababu. Kwenye Facebook na Instagram, ombi hutumwa kupitia ukurasa wa kusimamia duka, katika sehemu inayoonyesha bidhaa zenye matatizo. Mitandao mingine ya kuuzia ina dirisha la huduma kwa wauzaji. Popote pale, ombi litumwe baada ya marekebisho, si kabla.

Maelezo ya ombi yawe mafupi na yenye ukweli mtupu. Mathalani: "Bidhaa hii ni sabuni ya kuogea. Hutumika nje ya mwili kusafisha ngozi. Haina kiambato cha dawa na haidai kutibu wala kuzuia ugonjwa wowote. Maelezo na kundi la bidhaa vimerekebishwa. Orodha ya viambato inaonekana katika picha ya tatu. Tafadhali ikagueni upya." Maneno hayo yakiandikwa kwa Kiingereza pia, mkaguzi hatategemea tafsiri ya mashine. Masimulizi ya shida za nyumbani, karo za watoto na lawama kwa kampuni hayamsaidii anayekagua, maana yeye anatafuta jambo moja tu: hiki ni kipodozi au ni dawa?

Anayekagua akiomba hati, ndipo inapoonekana tofauti kati ya muuzaji aliyejipanga na aliyebahatisha. Hati yenye uzito zaidi kwa kipodozi kilichotengenezwa nchini ni kibali cha kutumia nembo ya ubora kutoka Shirika la Viwango, KEBS. Kipodozi hakihitaji usajili wa dawa kutoka PPB, lakini kinatakiwa kufikia viwango vya Afrika Mashariki: EAS 377 kuhusu vipodozi kwa jumla, pamoja na kemikali zilizokatazwa, na EAS 346 kuhusu lebo. Lebo inayokubalika huonyesha jina la bidhaa, kiasi, jina na anwani ya mtengenezaji, nchi ilikotengenezwa, namba ya bechi, tarehe za kutengenezwa na kuisha, viambato, namna ya kutumia na tahadhari. Anayeanza kutoka Kilifi hana haja ya kwenda Nairobi. KEBS ina ofisi ya eneo la Pwani mjini Mombasa, na maombi hufuatwa na ukaguzi wa mahali pa kutengenezea na upimaji wa sampuli.

Iwapo bidhaa yenyewe iko mpakani kweli, kwa mfano ina kiambato kinachotumiwa pia katika dawa, ni busara kuiandikia PPB na kuuliza iko upande gani kabla ya kutengeneza mzigo mkubwa. Barua isemayo kwamba bidhaa si dawa hufunga mjadala kuliko maelezo yoyote ya muuzaji.

Leseni ya biashara inayotolewa na kaunti haifanyi kazi hiyo. Katiba, katika Jedwali la Nne, inaipa kaunti jukumu la kukuza na kusimamia biashara, kutoa leseni na kuhimiza biashara ya haki. Kuamua kipi ni dawa ni kazi ya taasisi za kitaifa. Leseni inathibitisha kwamba biashara ipo na inajulikana ilipo, jambo ambalo mitandao mingine hulitaka, lakini afisa wa biashara wa kaunti ndogo hawezi kuandika kwamba krimu fulani ni salama. Anayedai anaweza, kwa malipo au bila malipo, anampotosha muuzaji.

Pale mashine inapokuwa imesema kweli

Si kila kipodozi kinachokataliwa kimeonewa. Zipo krimu zinazouzwa kama za urembo na ambazo ni dawa kabisa, na nyingine ni sumu.

Krimu yenye betamethasone au clobetasol ina homoni aina ya steroidi. Daktari huiandika kwa muda na kwa kipimo, kwa sababu ikitumika ovyo huifanya ngozi kuwa nyembamba na kuacha michirizi isiyofutika. Yenye ketoconazole au clotrimazole ni dawa ya fangasi. Hizi haziwi vipodozi kwa kubadilishiwa maelezo. Anayeziuza kwenye katalogi ya simu hana tatizo la maneno. Tatizo lake ni leseni.

Kisha kuna krimu za kung'arisha ngozi. Haidrokwinoni na zebaki zimekatazwa katika vipodozi nchini Kenya, na viwango vya Afrika Mashariki vinazikataza vilevile. Mkataba wa kimataifa wa Minamata kuhusu zebaki, uliopitishwa mwaka 2013, ulizitaka nchi wanachama kukomesha ifikapo 2020 vipodozi vyenye zaidi ya sehemu 1 ya zebaki katika sehemu milioni 1. Mwaka 2023 wanachama wakakubaliana kuondoa hata kiwango hicho kidogo. Sababu ni kwamba zebaki haibaki juu ya ngozi. Huingia mwilini, na Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba madhara yake makubwa katika krimu na sabuni hizo ni kwa figo. Vipele, mabaka na ngozi kushindwa kujikinga na vimelea huwa pembeni ya hilo.

Mnunuzi ana njia za kuishuku krimu ya namna hiyo hata kabla ya maabara. Kwenye lebo, zebaki huweza kujificha kwa majina kama calomel, mercurous chloride, mercuric iodide, ammoniated mercury au Hg. Dalili nyingine ni onyo la ajabu: lebo inayomtaka mtumiaji asiiguse krimu akiwa amevaa pete, au isigusane na fedha, dhahabu, alumini au mpira. Krimu ya kawaida ya kulainisha ngozi haina ugomvi na pete ya ndoa. Na kopo lisilo na orodha yoyote ya viambato halistahili kupakwa usoni, hata kama aliyeliuza ni jirani.

Kwa bidhaa za hapa nchini zenye nembo ya ubora, uthibitisho unapatikana kwa simu ya kawaida. Mnunuzi anaandika SM# ikifuatwa na namba ya kibali iliyo chini ya nembo, kisha anatuma kwenda 20023. Jibu likileta jina la bidhaa au kampuni tofauti na lililo kwenye chupa, nembo hiyo imeibwa. Malalamiko hupokewa na KEBS kwa namba isiyolipiwa ya 1545. Muuzaji mwaminifu ana sababu ya kuwatia moyo wateja wake wapime hivyo, maana kila kopo la zebaki linalokamatwa huzidisha ukali wa ukaguzi unaoangukia sabuni yake.

Kati ya pande hizi mbili kuna losheni ya kukinga jua. Marekani huihesabu dawa, Ulaya huihesabu kipodozi. Hapa kwetu, kwa watu wanaoishi na ualbino, hiyo losheni si urembo hata kidogo. Ndiyo inayosimama kati ya ngozi na saratani, na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu limekuwa likiigawa chini ya mpango wa kuwasaidia. Muuzaji wa losheni hiyo ana sababu njema ya kutaka kuandika kwamba inazuia saratani ya ngozi, lakini asiandike. Aandike kiwango cha kinga ya jua, SPF, kama kilivyopimwa, na namna ya kuipaka tena baada ya saa chache. Mwenye kuihitaji ataitambua kwa namba hiyo.

Waagizaji kutoka nje

Wafanyabiashara wa Mtwapa na Malindi wanaoagiza vipodozi kutoka nje hukutana na tatizo hili bandarini kabla ya kukutana nalo mtandaoni. Katika orodha ya ushuru inayotumiwa na nchi za Afrika Mashariki, dawa ziko Sura ya 30 na vipodozi Sura ya 33. Maelezo ya Sura ya 30 yanatoa mwongozo ambao ungewaokoa wengi: bidhaa za vifungu 3303 hadi 3307, yaani manukato, krimu, bidhaa za nywele, za kinywa na viondoa harufu, hubaki kuwa vipodozi hata kama zina uwezo wa kutibu au kukinga. Kwa kodi, basi, shampuu ya mba ni shampuu.

Tofauti hiyo ina uzito mfukoni. Vipodozi hutozwa VAT ya asilimia 16, ilhali dawa nyingi zimepewa unafuu. Kuna mawakala wanaomshawishi mwagizaji atangaze krimu zake kama dawa ili alipe kidogo. Mzigo huo ukifika, utadaiwa vibali vya PPB ambavyo mwenyewe hana, na akiuweka mtandaoni hati zake za forodha zitamkana pale atakaposema ni kipodozi. Mwenye shaka anaweza kuiomba Mamlaka ya Ushuru, KRA, uamuzi wa mapema kuhusu kifungu cha bidhaa kabla haijasafirishwa. Asiyeridhika na uamuzi wa forodha ana siku 30 za kumwomba Kamishna aupitie upya.

Wakati jibu linasubiriwa

Ukaguzi wa pili unaweza kujibiwa siku hiyo hiyo au kuchukua siku kadhaa. Katika muda huo bidhaa nyingine za katalogi zipitiwe kwa jicho lile lile, kwa sababu programu iliyoikamata sabuni leo inaweza kuyakamata mafuta kesho. Mazungumzo na wateja nayo yaangaliwe. Muuzaji aliyesafisha tangazo lake halafu akamwambia mteja kwenye ujumbe wa faragha kwamba mafuta hayo yanaponya kisukari ametoa dai lile lile, ila tu amelihamisha chumba.

Ombi likikataliwa tena na muuzaji ana hakika bidhaa yake ni kipodozi, atume jingine akiambatisha kibali cha KEBS na picha ya lebo mpya. Asipokuwa na kibali, huo ndio wakati wa kuanza kukitafuta, na kwa sasa auze dukani, sokoni na kwa wateja anaowajua.

Huu pia ndio wakati matapeli hujitokeza. Hujiita mawakala wa kampuni za mitandao, huandika kwamba wanaweza kufungua bidhaa iliyozuiwa kwa malipo ya M-Pesa, na huomba namba ya siri ya tarakimu sita iliyotumwa kwenye simu ya muuzaji. Ombi la ukaguzi hutumwa bila malipo, na hakuna mkaguzi anayehitaji namba hiyo. Aliyekwisha kuitoa abadilishe nywila mara moja, awashe uthibitisho wa hatua mbili, na atoe taarifa kituo cha polisi kilicho karibu akiwa na zile picha za skrini alizohifadhi.